Fundi wa Wasaga Lami

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba sina haki ya kusema natarmac alikuwa fundi wa viatu. Nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda chake kando ya steji ya magari ya Merti mjini Isiolo, kiatu changu kimoja kiko mkononi mwake, naye akaniuliza tu kwa Kiswahili chake cha kaskazini, kama mtu yeyote anavyouliza, "Wewe siku hizi nafanya kazi gani?" Nikamjibu vile tulivyokuwa tukijibu sote tuliotoka chuoni: "Natarmac tu, Fundi." Akakigeuza kiatu, akapitisha kidole gumba kwenye soli kutoka kisigino mpaka mbele, kisha akanitazama kwa huruma.

"Hii kiatu haijaenda mahali," akasema. "Wewe nalala, abo. Sema unalala."

Watu wawili waliokuwa wakingoja kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Nami nikacheka, maana ningefanya nini, mguu mmoja hewani na soksi ina tundu? Lakini alisema kweli. Mwezi huo nilikuwa naamka saa nne, nakunywa chai ya Mama ikiwa imepoa, natazama matangazo ya kazi kwenye simu nikiwa bado nimejifunika blanketi, na jioni mtu akiniuliza namwambia natarmac, tena kwa sauti ya uchovu.

Neno lenyewe kila mtu analijua. Umesoma, una cheti, huna kazi, basi unazunguka ofisi hadi ofisi na bahasha ya kaki kwapani. Redioni watasema vijana wanasaga lami. Sisi wenyewe tunasema tunatarmac. Fundi alikuwa na ugomvi mkubwa na neno hilo, na kwa kuwa nusu ya wateja wake walikuwa sisi, alitugombeza nalo kila siku. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba lami haisagiki, kinachosagika ni soli, na soli hutengenezwa na yeye. Ya pili ilikuwa kwamba tuna majivuno.

"Mtu ametoka Korbesa na mbuzi, ametembea siku ngapi mpaka hapa," aliniambia siku moja. "Huyo mnasema anatarmac?"

"Huyo ana kazi, Fundi. Anachunga."

"Na ile kijana nabeba maji na mkokoteni, hana shule, leo amepata kazi, kesho amekosa. Huyo anatarmac?"

Nikafikiri. "Hapana. Huyo hana kazi tu."

"Ehee! Sasa umesema. Ukiwa huna cheti, wewe ni maskini. Ukiwa na cheti, njaa yako inapewa jina."

Kuanzia siku hiyo akaniita Digrii, na mama yangu akawa Mama Digrii. Mama alilipenda hilo jina kuliko alivyolipenda jina langu la ubatizo. Anauza viazi na vitunguu sokoni, mwendo wa dakika tano kutoka kibandani, na digrii yangu ilitoka kwenye hivyo viazi, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuitwa hivyo kuliko mimi.

Kibanda chenyewe kilikuwa mabati manne na gunia. Upande wa kushoto Fundi alirundika vipande vya tairi za malori, akivikata kuwa akala za wachungaji, viatu ambavyo mtu huvaa mpaka avichoke yeye, kwa sababu vyenyewe havichoki. Upande wa kulia aliweka viatu vyetu vya ngozi na vya kudai ni ngozi. Alisema akala hazijawahi kumletea matata. Mchungaji anakuja, anapimwa mguu kwa kamba, anasubiri, anavaa, anaondoka. Matata yote yalitoka upande wa kulia, kwa watu wenye bahasha.

Na ulimi wake haukuwa na breki. Bwana mmoja alileta viatu vya arusi ya mpwa wake ving'arishwe, akasema kwa maringo kwamba ni ngozi kutoka nje. Fundi akavinusa. "Hii ni plastiki," akasema. "Lakini haina neno, arusi ni siku moja." Mhubiri wa kanisa letu alileta kiatu kilichopasuka mbele, akaambiwa anapiga sana mguu chini akihubiri, Mungu anasikia hata akisimama pole. Mhubiri alinuna wiki nzima, kisha akarudi, kwa sababu hakukuwa na fundi mwingine aliyeshona kiatu kikakaa. Mimi mwenyewe nilimpa nakala za barua zangu za maombi ya kazi, nikimwomba anisaidie kuzigawa kwa wakubwa wanaopita pale. Wiki mbili baadaye nilimkuta akizikunjakunja na kuzishindilia ndani ya viatu vilivyoshonwa ili visipoteze umbo. Nilipolalamika akaniambia nitulie, moja imeshafika ofisini kwa mkubwa mmoja, ndani ya kiatu chake cha kulia.

Usidhani alikuwa mtu aliyenyooka kila upande. Yeye fundi wa viatu alivaa slipa za bafuni, moja ya bluu na moja ya kijani. Alisema vyeti ni karatasi ya kufungia sukari, lakini matokeo ya mitihani yakitoka, alijua mtoto wa nani katika mtaa amepata nini, na aliyefeli alimshonea bure siku hiyo. Uzi aliukata kwa ubahili kana kwamba unatoka kwenye mshipa wake, halafu huyo huyo ndiye aliyekuwa na viatu vya intavyu.

Hivyo lazima nivieleze. Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, ngozi ya kweli, namba nane, ambavyo mwenyewe aliviacha akahamishwa kikazi na hakurudi tena. Fundi alimngoja mwaka mzima, akavitunza, kisha akaanza kuviazima. Ukiitwa intavyu na huna viatu vya maana, unakwenda kwake asubuhi, unaacha vyako, unavaa vile. Hakutaka chochote kwa hilo. Sharti lilikuwa moja: urudi navyo siku hiyo hiyo, uketi kwenye benchi, umwambie ilikwendaje, kweli tupu. Alisema viatu vinavyokwenda mahali pengi hivyo, yeye mwenyewe angetaka kujua vimeona nini. Kwa hiyo benchi lile lilisikia mambo. Mmoja alisema alilia mbele ya wakubwa. Mwingine alisema aliulizwa ni mtu wa nani, si amesoma nini. Fundi alisikiliza huku akigonga misumari, na mwisho alisema, "Sawa. Umerudisha."

Mimi navaa namba tisa. Siku nilipoitwa na ofisi ya mradi mmoja wa maji, niliingiza miguu mle kwa kusali. Mbele ya wale watu watatu sikusikia swali hata moja. Nilisikia vidole vyangu. Mama mmoja mpole aliniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano, nami, kwa jina la Mungu, nikamjibu, "Nimekaa chini." Walicheka kwa heshima. Walisema watanipigia, na sote katika chumba kile tulijua hakuna mtu atakayempigia mtu.

Nikarudi kibandani nikichechemea, nimejiandaa kusema kweli yangu na hata kuipamba kidogo ili benchi licheke. Lakini kwenye benchi alikuwa amekaa Mama. Alikuwa amefunga biashara mapema, amevaa leso mpya, na mkononi ana soda mbili. Fundi akainua kichwa. "Digrii, imekwenda aje?"

Niliangalia zile soda. Nikasema, "Nimepata."

Mama alipiga vigelegele mpaka makonda wa magari ya Merti wakakimbia kuja kuona kuna nini. Alinikumbatia, akamkumbatia mama wa uji aliyeuza jirani na kibanda, akarusha mikono kwa Fundi, kisha akakumbuka ni mwanamume Mwislamu na mzee, akairudisha. Fundi alipokea viatu vyake, akavipangusa kwa kitambaa, akaviweka mahali pake. Hakusema "umerudisha." Mimi niliona, lakini nilikuwa nakunywa soda.

Sasa tazama upumbavu wangu. Kwa kuwa nina kazi, ilinibidi niamke. Mtu aliyeshindwa kuamka saa mbili kwenda kutafuta kazi alianza kuamka saa kumi na mbili kwenda kwenye kazi asiyokuwa nayo. Mama alinipikia chai na chapati za mfanyakazi. Nilichomekea shati, nikapita mbele ya kibanda, nikapungia mkono, nikapotea upande wa maofisini. Na ukishakuwa umevaa shati mjini kutoka saa mbili mpaka saa kumi na moja, huna pa kukaa usionekane, utafanya nini? Niliingia kwenye ofisi. Nilibisha milango yote ya Isiolo, ya serikali na ya watu binafsi, mingine mara tatu. Ili kuficha kwamba natarmac, nilitarmac kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Siku ambazo milango ilinichosha nilivua shati, nikapakia magunia kwenye malori ya Merti nyuma ya soko, mahali Mama hapiti. Mwisho wa mwezi nilimpa nilichopata, nikamwambia huko ofisini makato ni mengi mno. Alisema serikali haina huruma. Nikakubali kwamba haina.

Mwezi wa tatu wa kazi yangu hiyo, soli za viatu vyangu zikaisha. Nilivipeleka kwa Fundi nikitumaini atakuwa na kazi nyingi asitazame. Alitazama. Alivishika vyote viwili, akaviweka kwenye mwanga, akapitisha kidole.

"Mtu wa ofisi," akasema polepole, "suruali inaisha matakoni kabla ya kiatu. Yako imeanza na kiatu."

"Ofisi yetu ina kazi nyingi ya nje, Fundi. Kukagua visima."

"Visima."

"Ndiyo. Vingi."

Alishona. Alinishonea soli ya tairi ya lori, ile ile ya akala, akaipaka rangi nyeusi isionekane. Sikuelewa kwa nini anaitilia nguvu hivyo kwa mtu wa ofisi. Nilimshukuru nikaenda kukagua visima vyangu.

Halafu likaja jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kujipiga kofi. Mzee mmoja mwenye malori, wa zile familia za Wasomali ambazo babu zao walikuja hapa wakiwa askari wa mkoloni, alisimama kibandani asubuhi moja. Wakasalimiana salaam aleikum na habari za watoto na za mvua, nami niko kwenye benchi nangoja muda wa kupotea. Mzee akasema anatafuta kijana wa kukaa stoo yake, anayejua kuandika vizuri, asiye mwizi. Alimwamini Fundi katika mambo hayo. Fundi akaacha nyundo. Hakumtazama mzee, alinitazama mimi.

"Digrii," akasema. "Wewe najua mtu anatafuta kazi?"

Akangoja. Hakugonga kitu, na redio yake aliizima. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Badala yake mdomo wangu huu, ambao Mama aliulisha viazi miaka ishirini na minne, ukasema, "Nitauliza uliza huko ofisini."

Stoo alipewa kijana aliyeketi nyuma yangu darasani akafeli hesabu. Yuko huko mpaka leo, amenenepa.

Miezi saba nilienda hivyo, kisha Mungu akanihurumia bila mimi kustahili: moja ya ile milango niliyobisha mara tatu ikafunguka. Ilikuwa kazi ya mkataba huko Merti, kuandikisha watu wa mradi wa mifugo, na nilipanda pikapu kwenda huko nikiwa mfanyakazi wa kweli. Mama nilimwambia nimehamishwa. Uongo wangu ukafunikwa na kweli kama uchafu unavyofunikwa na mkeka, nikadhani yameisha.

Mkataba uliisha baada ya miaka mitatu. Nilirudi Isiolo mwaka huu na begi na barua ya shukrani, na asubuhi ya pili, kabla hata sijamwambia Mama kwamba hii si likizo, nilikwenda kwa Fundi. Alikuwa amezeeka ghafla. Ndevu zilikuwa zimeota mvi, amezipaka hina zikawa nyekundu, na miwani imefungwa na ule uzi wake wa kushonea. Nikamsalimia, nikakaa kwenye benchi. Hatukuwa na mtu mwingine. Nikajikaza, nikasema, "Fundi, natarmac."

Hakuinua kichwa. "Ya sasa, ama ile ya zamani?"

Nikamwambia yote, intavyu, vidole, soda, magunia, stoo. Aliniacha nimalize ingawa hakuna alichokuwa hajui.

"Mama yako alikuja hapa," akasema. "Ile mwezi wa pili, jua kali. Watu wamemwambia mtoto wako tunaona soko nyuma, napakia gunia. Akaniuliza, Fundi, kijana yangu ako ofisini, ama? Mimi nikaona macho yake." Aliacha kushona. "Nikamwambia wallahi ako ofisini. Wallahi, mimi nimemwona."

Huyu ni mtu aliyemwambia yule bwana wa viatu vya arusi kwamba plastiki ni plastiki.

"Kiapo ya uongo ni kitu mbaya," akaendelea, kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia gundi. "Sheikh akaniambia toa kafara. Lisha maskini kumi. Mimi nitoe wapi chakula ya maskini kumi? Mimi mwenyewe ni wa kumi na moja. Nikafunga siku tatu. Hapa, na hii nyundo, na mama wa uji napita napita."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ile ya "nimekaa chini." Na wakati huo huo, kama kawaida yake kila saa nne, Mama akapita na kikapu akienda kuchukua uji. Akasimama. Siku ya kazi, saa nne asubuhi, mwanawe ameketi kwa fundi wa viatu.

Nilimtazama Fundi. Akainamia kiatu chake, akatia uzi kwenye sindano.

"Mama," nikasema, "sina kazi. Ya Merti imekwisha. Na ile ya kwanza, ya maji, haikuwako. Nilikudanganya."

Mama aliweka kikapu chini. "Ya maji najua," akasema. "Nilijua tangu siku nilipomuuliza Fundi."

Sindano ya Fundi ikasimama. "Ulijua aje? Mimi si nilikuambia?"

"Uliniambia, tena ukaniapia mara mbili. Miaka yote umeniambia viatu vyangu ni vibovu, hukuwahi kuapa. Siku hiyo nikajua mtoto hana kazi."

"Na ukanyamaza!" Sikujua kama ni mimi niliyesema au ni yeye.

"Ulikuwa unaamka saa kumi na mbili," Mama akaniambia. "Ulikuwa unavaa shati. Ningesema, ungerudi kulala."

Fundi aliweka kila kitu chini, sindano, kiatu, miwani. "Mama Digrii," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeibiwa, "mimi nimefunga siku tatu kwa hiyo uongo. Siku tatu! Na haikudanganya mtu?"

Mama alijaribu kujizuia. Alishika mdomo kwa leso, lakini kicheko kilimshinda, akainama juu ya kikapu chake akicheka mpaka machozi, na Fundi akimtazama hivyo hivyo kwa hasira, ndevu zake nyekundu zikaanza kutetemeka, naye akacheka. Mimi peke yangu sikucheka. Niliwaangalia watu wawili wazima ambao miezi ile walikuwa wamenibeba, kila mmoja akimficha mwenzake, nami nikijiona mjanja wa mji. Mama alipofuta macho aliniambia nibebe kikapu.

Jioni hiyo niliamua kumlipa Fundi siku zake tatu. Mimi ni Mkristo, na sijui kama deni kama hilo hulipika kwa mtindo huo, lakini niliona ni haki. Sikumwambia mtu. Niliamka kabla ya alfajiri, nikala, nikanywa maji, nikaanza. Siku hiyo nilibisha milango minne na kupakia lori moja. Nilijisikia mtu mwema sana mpaka saa sita.

Kesho yake nilimpitia kibandani. Alinitazama midomo kwanza, kisha uso. Mama wa uji alikuwa ameshamwambia kitu, au pengine alijionea tu.

"Nasikia ulifunga jana," akasema. "Kwa ajili yangu."

Benchi lilikuwa limejaa, vijana watano wenye bahasha, na wote wakageuka kunitazama kwa heshima ambayo sijawahi kupewa Isiolo. Ilikuwa rahisi kabisa. Ndiyo moja tu ingetosha.

"Nilifika saa saba, Fundi," nikasema. "Halafu nikala mandazi manne."

Vijana walipasuka kwa kicheko. Fundi alichukua kiatu changu, akakiweka magotini, akavuta uzi.

"Sawa," akasema. "Umerudisha."